Mbuzi wa Kwenye Karatasi

Kufuli halikuvunjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Koplo Nakuleu wa upelelezi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 13 Mei 2013, alipoinama mlangoni pa duka la dawa za mifugo la Daktari Opondo mjini Lodwar. Ndani, juu ya meza ya ofisi, zilibaki nyaya tatu na alama ya mahali kompyuta ilipokaa, mbao safi katikati ya vumbi.

"Kesho tunazindua," Opondo alisema, huku akizunguka meza kana kwamba kompyuta ingemhurumia irudi. "Kesho, Koplo! Mawakala wangu wako njiani kutoka Kataboi, Katilu na Lorugum. Programu yote ilikuwa humo, na Jumamosi jioni niliiacha hapa."

Programu yenyewe Nakuleu aliijua. Mji mzima uliijua, kwa kuwa Opondo hakuwa na habari nyingine mwaka ule. Mfugaji akiona mnyama wake anakohoa, wakala wa kijiji angebonyeza simu, na dawa ingepanda pikipiki siku hiyohiyo badala ya kusubiri wiki mbili. Kuitengeneza, Opondo alikuwa ameajiri kampuni ya Nairobi, na kampuni hiyo ilikuwa na mkuu wake, Wekesa. Huyo naye aliingia muda huohuo, shati jeupe, viatu ambavyo mchanga wa Lodwar ulikuwa haujapata nafasi ya kuvizoea.

"Afande, hii kesi iko wazi," alisema, akanyoosha daftari la jalada la bluu. "Nimelipata chini ya meza. Soma jina."

Ndani ya jalada paliandikwa: Onésphore, Kakuma.

"Mkimbizi wa Burundi," Wekesa aliendelea. "Alikuja kuniomba kazi nikamkatalia. Akaniapia ataniharibia."

Nakuleu aliligeuza daftari. Juu ya jalada, kwa kalamu nene nyekundu, mtu alikuwa ameandika 318.

"Hii ni nini?"

"Labda nambari ya nyumba yake huko kambini. Watu hao si huishi kwa nambari?"

Nakuleu hakuipenda ile "watu hao". Alifungua kurasa. Zilijaa michoro ya skrini za simu, moja baada ya nyingine, nadhifu. Kwenye ukurasa wa tisa neno "idadi ya wanyama" lilikuwa limekatwa mistari miwili, na kando yake: "Usiulize kabisa."

Funguo zilikuwa tatu: ya Opondo, ya Wekesa na ya mlinzi, Ekidor, aliyeshinda langoni Jumapili nzima. Opondo alimrukia mzee wa watu kabla Koplo hajafungua kinywa.

"Ulilala, Ekidor! Mwizi amepita mbele ya pua yako!"

"Mimi hakuna kulala, daktari. Mwizi hakukuja."

"Basi ni wewe!"

Ekidor alimgeuzia tajiri wake mgongo akaenda kukaa kwenye kigoda chake langoni.

Kabla ya kuondoka, Nakuleu aliomba kuona chochote kilichosalia cha kazi ile. Opondo alimpa faili nene: Ripoti ya Majaribio, Aprili 22 hadi 30. Wafugaji mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja na jina, kijiji, ugonjwa wa mifugo, na mbuzi wangapi, kondoo wangapi, ngamia wangapi. Hakuna hata mstari mmoja ulioachwa wazi. Nakuleu alizaliwa Lorugum, bintiye mfugaji. Aliisoma ile ripoti akasikia kitu kinamkwaruza moyoni, lakini simu ikalia.

Alikuwa mkubwa wake. Wekesa alikwisha kupita kituoni. Amri ilikuwa fupi: aende Kakuma, amlete Mrundi.

"Afande, bado sijamhoji mlinzi vizuri."

"Daftari lina jina la mtu. Unataka nini zaidi?"

Saa saba mchana alimkuta Onésphore darasani, chumba cha mabati chenye kompyuta nne kuukuu na wanafunzi ishirini. Alikuwa mwembamba, wa miaka ishirini na sita. Aliposikia neno Lodwar alitabasamu, akidhani ameitwa kazini. Alipoziona pingu tabasamu likamkauka.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kanisani, halafu hapa. Waulize watu mia."

"Ulitoka kambini?"

"Kwa kibali gani, dada? Bila kibali sivuki hata daraja."

Mwanamke mnene mwenye kitenge aliwapangua wanafunzi kwa viwiko akaja mbele. Alikuwa Godelieve, Mkongomani, mwalimu mwenzake.

"Ule mutu hakuiba kitu! Jumatano iko na usaili yake ya kwenda Kanada, unasikia? Saa tatu asubuhi. Amengojea miaka munane! Mukimutia kesi, jina yake wanalikata, na hawatalirudisha tena!"

"Daftari lake limepatikana palipoibiwa, mama."

"Daftari gani? Ya bluu? Ile njo mimi nilituma! Kwa basi, kwa mikono yangu!"

Alitoka mbio, akarudi na karatasi ya waridi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa risiti ya kifurushi, tarehe 2 Mei: daftari moja. Mpokeaji: Wekesa, Lodwar. Nambari ya kifurushi: 318.

Nakuleu aliisoma mara mbili. Akampigia mkubwa wake akamweleza. Akajibiwa kwamba wakimbizi hutetea wenzao, na risiti huandikwa na yeyote. Amlete.

Akamfunga pingu. Alijua tayari kwamba anamfunga mtu asiye na hatia, na aliona haya mbele ya wale wanafunzi ishirini, lakini alimfunga.

Njiani Onésphore alieleza yote, sauti yake ikipanda kila walipopita shimo. Wekesa alikuja kambini mwezi Februari, akaona kazi zake darasani, akamwomba amchoree programu ya dawa za mifugo.

"Nilimwambia michoro peke yake haitoshi, ni lazima niijenge mwenyewe. Akaahidi kuniombea kibali nije Lodwar tuimalize pamoja. Hakuomba! Kila nikipiga simu, anasema wiki ijayo."

"Na hapa ulipokata 'idadi'?"

Onésphore alicheka kidogo bila furaha. "Nililijaribu lile swali kwa mama mmoja Mturkana anayeuza mbuzi karibu na kambi. Nilimuuliza ana mbuzi wangapi nyumbani. Aliinuka akaenda bila kuaga. Wiki mbili hakunisalimia. Ndipo nikafundishwa."

Kile kilichokuwa kikimkwaruza Nakuleu tangu asubuhi kikajitokeza chote. Alipiga usukani kwa kiganja. Wafugaji mia mbili na kumi na wawili! Baba yake mwenyewe hakuwahi kumtajia mgeni idadi ya mifugo yake, wala mkwewe hakuthubutu kumuuliza.

Saa nne kamili asubuhi ya Jumanne ofisi ya Opondo ilijaa. Mawakala walikuwa wamefika, hawajui kwamba hakuna cha kuzindua. Wekesa alikaa mbele, mikono kifuani. Mkubwa wa Nakuleu alisimama mlangoni, amekuja kwa shingo upande. Onésphore alikaa kwenye kona, pingu mkononi.

"Ejok," Nakuleu aliwasalimu, wakaitikia. "Bwana Wekesa, timu yako ilifika Kataboi?"

"Siku tatu nzima."

"Nasoma ripoti yako. Ngasike wa Kataboi, Aprili 23. Mbuzi themanini na sita, kondoo arobaini na mmoja, ngamia tisa. Ulimuuliza mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Vizuri. Mzee Ngasike ni wakala, ndiye huyu aliyekaa karibu nawe tangu asubuhi bila wewe kumsalimu. Muulize tena."

Wekesa alimtazama yule mzee, akajikohoza. "Mzee, habari. Uko na mbuzi wangapi?"

Mawakala wawili wanawake walisonya kwa pamoja. Mzee Ngasike aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nani alikutuma?" aliuliza. "Unataka kuja kuchukua? Mimi sijaona wewe hata siku moja, na unataka kuhesabu mali yangu mbele ya watu!"

"Daktari," Nakuleu alimgeukia Opondo, "umeishi Turkana miaka kumi na sita. Umewahi kujibiwa swali hilo?"

Opondo alikuwa ameshika kichwa. "Hata mara moja. Mungu wangu! Niliipokea ile ripoti nikaangalia wingi wa kurasa."

"Mtu mmoja akikujibu, sawa, labda amelewa. Wakijibu mia mbili na kumi na wawili, ujue wamezaliwa hotelini kwa Wekesa, juu ya karatasi. Timu haikutoka nje ya Lodwar, na programu haikujaribiwa na mtu yeyote."

"Hata kama!" Wekesa alipaza sauti. "Kompyuta imeibiwa na huyu. Daftari lake je?"

Nakuleu alitandaza risiti ya waridi mezani, akaweka jalada la bluu kando yake. Mkubwa wake alisogea, akasoma 318, akasoma 318 tena.

"Lilitumwa kwako tarehe mbili. Nimepita ofisi ya basi asubuhi hii, umetia sahihi. Nambari ya nyumba, eti! Sasa Ekidor. Baba, jana hatukukuuliza vizuri, utusamehe. Jumapili kuna mgeni yeyote wa daktari aliyekuja?"

"Ndiyo, mgeni alikuja," Ekidor alijibu. "Huyu, na dereva yake. Saa sita, daktari iko kanisa. Ilifungua na funguo yake, ikatoka na boksi kubwa."

"Kwa nini hukusema?" Opondo alifoka.

"Wewe uliuliza mwizi. Huyu anakula chakula kwako. Mimi nitaita mgeni yako mwizi?"

Kumwomba mlinzi wake radhi hakukumjia Opondo haraka, ingawa kulimjia. Nje, gari la Wekesa lilifunguliwa. Chini ya kiti cha nyuma, ndani ya taulo za hoteli, kompyuta ilikuwepo. Waliirudisha mezani wakaiunganisha waya. Opondo alitafuta programu yake akapata picha kumi na mbili za skrini, zimenakiliwa kutoka kwenye daftari, na chini yake hakuna kitu. Ungebonyeza mpaka kidole kichoke.

"Vijana wangu niliwahamishia kazi nyingine Nairobi," Wekesa alisema mwishowe, akitazama viatu. "Ningeimaliza baadaye. Mimi nilihitaji muda tu. Nilidhani, kwa huku..."

"Kwa huku nini? Malizia!" Nakuleu alisema.

Kisha akammalizia mwenyewe kwa hasira. "Ulidhani kwa huku hakuna atakayejua. Mawakala wangebonyeza leo mbele ya watu wote, uongo wako ungeonekana. Kwa hiyo kompyuta ipotee. Na aliyechora kazi afungwe, asije akasema ni yake. Ulikuwa unamjua mtu anayeweza, ukamficha kwa sababu ni mkimbizi, halafu ukamtoa kwa sababu hiyohiyo."

Zile pingu zilihama mkono. Mkubwa wake mwenyewe ndiye aliyezihamisha, bila kumtazama Onésphore usoni.

Opondo alimfuata kijana mpaka uani. "Baki unijengee. Sikujua kama kazi ni yako."

"Hukuuliza, daktari. Uliuliza kampuni ya Nairobi."

Basi la Kakuma lilikuwa limeondoka, kwa hiyo Nakuleu alimpeleka kwa gari la kituo. Saa kumi na mbili kasorobo jioni walifika kizuizi cha mwisho kabla ya kambi. Askari kijana aliinama dirishani.

"Mkimbizi? Kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi?"

Onésphore alimwangalia Koplo. Hakuwa na kibali.

"Bila kibali ni kosa," askari alisema, akifungua kitabu. "Lazima niandike jina, kesho apelekwe kortini."

"Kesho ana usaili saa tatu."

"Sheria ni sheria, Koplo."

Nakuleu alizima gari, akashuka, akakichukua kile kitabu mikononi mwake. "Andika," alisema, akakirudisha. "Alitoka kambini kwa pingu. Pingu zilikuwa zangu. Nilijua hana kosa na nilimfunga. Andika nambari yangu, andika jina langu lote, na kama kuna wa kupelekwa kortini kesho, unaniona hapa nimesimama."

Askari alisita, kalamu hewani.

"Andika!"

Akaandika. Nakuleu alisoma kila neno, akatia sahihi, kizuizi kikainuliwa, kisha akamfungulia Onésphore, aliyekaa kiti cha nyuma, mlango wa mbele.