Vifungo vya Koti la Baba Yangu

Nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wanne, na kazi yangu ni ushonaji hapa Busia, kwenye baraza la duka moja karibu na mpaka. Kwetu ni Mwello, upande wa Tororo. Haya ninayoyaandika sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi, na mengine niliyataka mwenyewe kwa upumbavu wangu... Mhariri akitaka kunisahihisha lugha, sawa, lakini hasira yangu aiache kama ilivyo.

Baba yangu aliitwa Opio. Alizaliwa pacha, na pacha mwenzake ni Odongo, ambaye mimi namwita baba mdogo. Walifanana hata bibi yetu akawa anamnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine analala na njaa. Basi akachukua wembe, akamkata Opio ncha ya sikio la kulia, na Odongo akamkata la kushoto. Ukoo mzima ulizijua alama hizo.

Vilipofika vita vya kwanza vya Mjerumani, nyumba yetu ilitakiwa kutoa kijana. Mama alikuwa na mimba yangu. Pacha wote wawili wakaondoka nyumbani siku moja, mmoja kwenda kuandikishwa na mwingine kumsindikiza, na vita vilipokwisha akarudi mmoja tu, Odongo, akiwa na picha mkononi. Ilikuwa picha ya keya, askari kamili, si mpagazi: koti la kaki, mkanda wa risasi, miguu imezungushiwa vitambaa hadi magotini, kofia ndefu, bunduki kando. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha.

Odongo akasema huyo ni yeye. Alisema Opio aliandikishwa, akatoroka njiani siku ya kwanza, na yeye akaingia mahali pake ili kuuondolea ukoo aibu. Opio amepotelea wapi, hajui.

Nani angembishia? Sikio si lile pale!

Kwa picha ile Odongo akafanywa mkungu, yaani mkuu wa kijiji, maana serikali ilipenda wakungu waliopitia jeshini. Picha ikatundikwa ukutani kwake, na kila mgeni aliyeingia ilibidi aisifu. Mimi nikakua naitwa mtoto wa mtoro. Niliitwa hivyo machungani, niliitwa hivyo shuleni, na mpaka leo wapo wanaoniita hivyo.

Lakini aliyeumia zaidi ni mama yangu, Athieno. Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, ukoo huzika tunda la mvungunya badala yake. Watu hulia, mjane hunyolewa nywele, na tangu hapo anaheshimiwa kama mjane. Pasipo hayo, yeye ni nani? Mume hana, na ujane hana. Mama alimwomba Odongo kila mwaka baada ya mavuno, na kila mwaka Odongo alimjibu kwamba mtoro hawekewi matanga. Aliponyimwa nyumbani alikwenda kwa padri kuomba jina la Opio lisomwe pamoja na marehemu wengine. Odongo akamfuata huko huko na kulizuia!

Kila alipoiona picha ile mama alisema neno moja. "Huyu ni Opio. Mimi nilikuwa bibi yake. Vile anasimama, mimi naweza kosa kujua?"

Na hapa ndipo ninapokiri, wasomaji wenzangu. Siku ya harusi yangu mama alilisema neno hilo mbele ya wageni. Mimi, mwanawe wa pekee, nikasimama na kumwambia anyamaze. Nikamwambia sikio halisemi uongo, na kwamba akili zake zimechoka kwa kumngoja mtoro. Watu wakacheka. Odongo akanipiga bega kwa furaha. Mama akachukua sahani yake, akaenda kulia chakula jikoni... Je, mngenisamehe? Mimi mwenyewe bado sijaweza.

Mwaka jana kioo cha picha ile kilipasuka. Odongo akanipa niipeleke Busia ikatiwe kioo kingine. Niliilaza juu ya meza ya cherehani nikaendelea na suruali ya mteja. Mwenye duka, Mzee Abdala, ndiye aliyenifundisha kushona. Akainama, akaitazama.

"Hii koti nani alishona?" akaniuliza.

Nikamwambia ni koti la serikali, la keya.

"Serikali gani nashonea askari koti ya mwanamke? Tazama kifungo."

Nikatazama. Koti la mwanamume, ubavu wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki moja. Koti la kwenye picha lilifungwa kinyume, kama blauzi! Miaka kumi na mitano ninakata matundu ya vifungo, na picha ile nimeiona tangu utotoni, lakini macho yangu hayakuwahi kutoka kwenye sikio.

Mzee Abdala akaichukua hadi kwenye kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia, akaielekeza humo. Ndani ya kioo koti likafunga kiume. Akanieleza kwamba mpiga picha aliligeuza vibaya bamba lake la picha alipokuwa akichapa, na watu wa zamani walikosea hivyo mara nyingi. Kwa hiyo kulia imekuwa kushoto, na kushoto imekuwa kulia. Namba ya kofia ingesomeka kinyume na kutuonyesha mapema, lakini ilikuwa imefutika kwa jua.

Ndani ya kioo, sikio lililokatwa lilikuwa la kulia. La Opio.

Baba yangu hakutoroka! Alilivaa koti lile, akasimama wima, akapigwa picha. Aliyetoroka ni yule niliyemwamkia kwa heshima maisha yangu yote...

"Picha usiachie yeye," Mzee Abdala akaniambia nilipokwisha kumweleza habari za Odongo na nilipokuwa napanda baiskeli. "Ita wazee kwanza, yeye mwisho."

Nilifika Mwello nikaenda moja kwa moja jikoni kwa mama. Nilimweleza, nikamshika miguu, nikamwomba radhi. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu. "Sasa watanyoa mimi lini?" Nikamwahidi ndani ya wiki hiyo.

Ningemsikiliza Mzee Abdala! Lakini kwetu pacha wa baba yako ni baba yako kabisa, na baba humpeleki mbele ya ukoo kabla hujamwendea faraghani. Nililelewa hivyo. Nikaenda kwa Odongo peke yangu, na picha nimeishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka zawadi.

Nilimwonyesha vifungo, nikamwonyesha kwa kioo chake cha kunyolea. Hakubisha.

"Ndiyo, mimi nilikimbia," alisema. "Nilikuwa ng'ambo ya mpaka, kwa Wasamia, nachunga ng'ombe ya watu. Mwenzake Opio wa vita alinikuta Busia, alinipa picha nipelekee mama yako. Alisema Opio amekufa. Lakini wewe, mtoto wangu, nani alikulea?"

Kisha akaniomba siku saba. Alisema atawaita wazee na kuwaambia kwa kinywa chake mwenyewe, ili asife kwa aibu ya kuumbuliwa na mtoto. Picha ibaki kwake, aishike siku hiyo akisema. Nikaiacha. Nikaiacha, jamani! Na nilipotoka nilimshukuru.

Siku saba zikapita. Wazee hawakuitwa. Nilipomwendea alinionyesha fremu tupu, akasema mchwa wamekula. Mchwa gani hao wanaokula karatasi wakaacha mbao? Nilipandisha sauti, naye akaniuliza kwa upole kama nimekunywa.

Mama alikuwa ameshanunua wembe mpya. Kila asubuhi alikaa mlangoni bila kitambaa kichwani akiwangoja wazee. Mvua zilipoanza akashikwa na homa ya mapafu, na siku ya tano akafa. Nywele zake zote zilikuwa kichwani.

Penye maziko Odongo ndiye aliyesimama kusema, mkungu na mkubwa wa ukoo. Alisema tumzike kwa huruma mke wa mtoro wetu. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasimama kando ya kaburi nikaeleza yote: koti, vifungo, kioo, maneno aliyoniambia. Wazee wakaniuliza picha iko wapi. Nikasema muulizeni yeye. Nikamtaja Mzee Abdala, wakasema mtu wa dukani atajua nini kuhusu ukoo wetu. Kisha mzee mmoja akanitazama.

"Si wewe ulisema sikio hasemi uongo?" akaniambia. "Siku ya harusi yako. Sisi wote tulikuwa hapo."

Odongo alikuwa anaangalia chini, amefunga mikono, kama mtu mwenye majonzi.

Wiki iliyofuata nililizika tunda la mvungunya kando ya mama, mimi na mke wangu tu. Ukoo uliitwa, haukuja. Nasikia Odongo anasema nimezika tunda bure. Na aseme. Ninakutana naye njiani na simwamkii, na wanaoniona mkosefu wa adabu waendelee kuniona hivyo.

Wenzangu mlio na picha za wazee wenu wa vita, nawasihi, zishusheni ukutani leo. Tazameni koti zima, mkanda, miguu, vifungo, msitazame pale tu mlipoonyeshwa. Andikeni jina nyuma yake wangali hai wanaomjua. Na ukipata ushahidi dhidi ya mkubwa wako, usimpelekee yeye ukidhani hiyo ndiyo heshima. Upeleke mbele ya watu.

Na radhi pia iombeni mbele ya watu. Mimi mama yangu nilimwita mwongo mbele ya harusi nzima, na kwamba alisema kweli nikaja kumwambia jikoni, tukiwa wawili tu.