Tuta Juu ya Bomba

Hebu fikiria shamba la maharage asubuhi, umande haujakauka, na wanaume wawili wenye kofia ngumu wanachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Hapo ndipo bomba la mafuta litakapopita. Mjomba wangu anawafuata nyuma akitabasamu, kama mtoto anayetaka kuchaguliwa.

"Mzee, kuna kaburi humu?" mpimaji akauliza. "Kama lipo, tunahamishia njia kwa jirani. Na fidia inakwenda huko huko."

"Hakuna," mjomba akajibu.

Lilikuwepo. Bibi, mama yake mzazi, alizikwa katikati ya maharage yale, chini ya tuta lililozungushiwa mawe. Jana yake mjomba aliyaondoa mawe, akalisawazisha tuta kwa jembe, kisha akapandikiza miche juu yake. Mkewe alimwona. Akarudi jikoni.

Mashine zikaja. Mtaro ukachimbwa, bomba likalazwa, udongo ukarudishwa na kushindiliwa. Hakuna aliyesema ameona mfupa. Mjomba naye hakuuliza. Angeulizaje?

Mvua za kwanza ziliponyesha, tuta likatokea juu ya bomba. Urefu wake ulikuwa wa mtu aliyelala. Mjomba akalisawazisha. Kesho yake lilikuwepo tena, limesogea kidogo kuelekea nyumbani.

"Shemeji!" jirani mshona nguo akamtania kutoka mpakani. "Si tuliambiwa hapo hapalimwi? Wewe unapanda viazi vitamu!"

Mjomba akacheka.

Mafundi wakaja na vipimo vyao. Bomba ni zima, wakasema, wakaondoka. Tuta likaacha njia ya bomba. Likafika kwenye banda la kuku. Kuku wakahama.

Ndipo mama yangu alipokuja, jembe begani, mchana kweupe.

"Kaka, nimekuja kupalilia kwa mama."

"Kula kwanza, dada."

"Nitakula nikitoka kwake. Mbona shamba silitambui? Mama yuko wapi?"

Mjomba akatazama vidole vyake vya miguu. Siku zote hizo alimwogopa dada yake kuliko alivyoliogopa lile tuta.

Mkewe akanong'ona kutoka ndani. "Baba watoto. Njoo."

Tuta lilikuwa chumbani, kando ya kitanda. Udongo mbichi, wenye majani ya maharage. Sakafu ya saruji haikuwa na ufa hata mmoja. Chumba kizima kilinuka mafuta.

Mama akamfuata ndani, akaweka jembe chini, taratibu. "Hiki nini?"

Mjomba akapiga magoti.

"Ni mama. Niliwaambia hayupo."

Mama alikunja mikono ya gauni, akaanza kuuchota udongo kwa viganja. Waliubeba wote watatu na kuuzika upande wa pili wa shamba. Mjomba hakuinua uso mpaka jua likazama.

Tuta halikutembea tena. Lakini sakafuni pale palibaki doa la mafuta. Wamelisugua, wamepiga saruji upya, limerudi. Ukilitazama vizuri ni mtu aliyelala ubavu, kiganja chini ya shavu. Mjomba hulala sebuleni siku hizi.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mwanangu. Bibi hakumdhuru mtu. Alikuwa anatafuta pa kulala.