Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kila asubuhi niliamshwa na mashine ya Baba. Ilikuwa mashine ya kufumia masweta, nayo ilikaa kwenye chumba cha mbele, ambacho ndicho kilichokuwa duka letu. Mji wetu uko juu milimani na baridi yake haina likizo, kwa hiyo fundi wa masweta hakosi kazi. Kabla ya kwenda shule nilimsaidia kushona vifungo. Ndiyo maana aliniita Kifungo, na jina likaninata hata darasani.

Baba alizaliwa kwingine, bondeni kwenye joto, alikobaki Bibi. Hakuwa amekanyaga huko kwa miaka kumi na miwili. Nilipotimiza miaka kumi na mmoja, Bibi alianza kudhoofika, Baba akaamua twende sisi wawili kumwona wakati wa likizo. Mama angebaki kupokea wateja.

Mwezi mmoja kabla ya safari Mama alitupeleka zahanati. Muuguzi alituuliza tunakwenda wapi, kwa siku ngapi na tutalala wapi, kisha akapima lipi linatufaa. Chanjo ya homa ya manjano tuliihitaji mimi na Baba, tukachomwa na kupewa kadi za kuonyesha njiani tukivuka mpaka. Chanjo nyingine alisema safari yetu haikuidai. Kwa malaria alitupa vidonge: kimoja kila siku, tuanze siku moja kabla ya kuondoka, tuendelee tukiwa huko na wiki nne baada ya kurudi. Tena tulale ndani ya chandarua.

Siku ya kuanza kumeza, nilimwona Baba akifungua kopo la vifungo na kumimina vidonge vyake humo.

"Kadi itakaguliwa njiani, Kifungo," aliniambia akicheka. "Vidonge nani atavikagua? Mbu wa kule wananijua tangu utoto, ni shemeji zangu wale. Ila usimwambie mama yako, hatanipa nafasi ya kupumua."

Nilicheka naye, nikameza changu. Nilijiona mkubwa kwa kuaminiwa siri.

Tulikaa kwa Bibi wiki mbili. Chandarua kilikuwa kimoja, Baba akanifungia mimi. Yeye alijilaza barazani kila jioni akipiga soga na mama yake, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka vile.

Siku ya kumi baada ya kurudi, mashine ilinyamaza. Baba alikuwa kitandani, amevaa sweta juu ya sweta, na bado anatetemeka. Mama alisema ni mafua, mtu ametoka kwenye joto akaingia kwenye baridi ghafla.

"Malaria haiwezi kuwa," aliniambia. "Si mmemeza vidonge?"

Baba alinitazama. Nikajibu kwamba tulimeza.

Neno hilo linaniuma hadi leo. Siku ya tatu Baba alianza kuweweseka na kumwita Bibi kana kwamba yuko chumbani. Hapo siri ilinishinda. Nilikimbilia kopo, nikamwaga vifungo vyote sakafuni, nikamwonyesha Mama vidonge vilivyochanganyika navyo. Hakunigombeza. Alitoka mbio kumwita jirani mwenye gari.

Hospitali walimpima wakakuta malaria imeshapanda kichwani. Walimtundikia dawa mara moja na kuhangaika naye siku mbili. Alhamisi mchana, Baba alifariki.

Msibani jirani mmoja alinong'ona kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Alimsema Baba, lakini mimi nilijua nani mwingine alificha. Niliacha kula na kushona vifungo sikuweza tena. Mama aliponibana nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemuua Baba. Alinikumbatia tukalia wote, kesho yake akanipeleka kwa yule muuguzi.

Muuguzi alifunga mlango, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu yangu.

"Baba yako alidhani mwili wake bado unaikumbuka malaria," alisema. "Mtu akikaa mbali miaka mingi, kinga ya utotoni hupungua sana. Nilipaswa kumweleza hilo, na sikumweleza. Tena vidonge si ukuta. Hata aliyevimeza vyote, akipata homa baada ya safari, apimwe siku hiyo hiyo."

Mama aliinama. "Mimi ndiye niliyesema ni mafua," alisema.

"Basi kila mmoja ana lake, na la mtoto ndilo dogo kuliko yote," muuguzi alimjibu. Kisha akanigeukia. "Siri ya afya ya mtu mzima si mzigo wako, mwanangu. Ukipewa siri inayoweza kumdhuru mtu, itoe siku hiyo hiyo, hata kama aliyekupa atakasirika. Ulipomwaga vile vifungo ulifanya jambo la haki. Siku nyingine usisubiri."

Nililia tena, ila safari hii kifua kilipungua uzito.

Likizo iliyofuata tulikwenda kwa Bibi, mimi na Mama. Kabla ya safari tulirudi zahanati na kuuliza kila tulichotaka kujua, na vyandarua tulibeba viwili. Kila siku Mama aliweka bilauri mbili za maji mezani, tukameza huku tunatazamana. Hatukukosa hata siku moja, hadi wiki nne zilipokwisha.

Sasa Mama ndiye anayeendesha mashine. Bado anakosea nyuzi, nami hukaa pembeni yake na kopo la Baba magotini. Siku hizi lina vifungo tu.