Kila Jumapili Papa Vahwere Hufa wa Kwanza

Kila Jumapili, saa tisa mchana, Papa Vahwere hufa. Usiogope. Hufa kwenye telefone tu. Saa tisa na dakika tano ameshakufa. Saa tisa na dakika sita anaomba chai.

Siku nyingine zote ni mzima kabisa. Anauza viatu vya mitumba kwenye soko la Bunia. Anaishi kartie Saio, mtaa wa mji huo, pamoja na mke wake, Kavira. Mtoto wao mmoja, Ketsia, anasoma udaktari Kisangani. Kisangani ni mbali na njia inachosha. Ketsia hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka.

Ukimpigia simu, Ketsia husema, "Niko muzima, papa," halafu mambo yameisha. Kwa hiyo alipata akili nyingine. Alimwekea baba yake mchezo kwenye telefone.

Mchezo uko hivi. Watu mia moja wanaruka kutoka kwenye ndege na kushuka kwenye kisiwa. Wanatafuta bunduki na dawa ndani ya nyumba, kisha wanapigana. Atakayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Watu wanaweza kucheza watatu watatu, na kuongea wakicheza. Timu yao ni Ketsia kule Kisangani, Josaphat kule Butembo, na Papa Vahwere kwenye veranda yake. Josaphat ni mdogo wake Vahwere, na humwita yaya, yaani kaka mkubwa. Anapenda kucheka watu.

Timu ikiishi kwa muda mrefu, Ketsia husimulia mambo yake njiani. Husimulia mwalimu mkali, chakula kibaya, rafiki mpya. Hayo ndiyo Papa Vahwere anayataka. Bunduki ni kisingizio. Lakini yeye akifa mapema, wale wawili wanabaki wakikimbizwa, na hadithi zinakwisha.

Jumapili moja walikuwa ndani ya ndege.

"Papa, tushuke kando, kule mu mashamba," alisema Ketsia.

"Mu mashamba iko nini? Mi nashuka mu muji mukubwa. Fasi batu iko mingi ndiyo fasi biashara iko."

Akaruka. Watu thelathini wakaruka naye. Aliingia nyumba ya kwanza na kuanza kuokota. Aliokota bunduki, kofia, bidoni ya mafuta na kofia nyingine. Muuza viatu haachi mali chini. Mara mlango ukafunguka. Mtu akaingia.

Papa Vahwere amelelewa vizuri. Bunia hupiti mtu bila kumsalimia. Mikro yake, kipaza sauti cha telefone, ilikuwa wazi kwa wote, hata kwa adui.

"Bonjour, ndugu! Habari ya..."

Pa! Pa! Pa!

"Kavira!" aliita Papa Vahwere. "Amenipiga mbele nimalize kusalimia!"

"Chai iko tayari," alijibu Kavira. Alikuwa ameiweka motoni tangu saa tisa kasoro dakika chache.

Josaphat alicheka mpaka akakohoa. "Yaya, mu batu mia moja, weye ni wa kwanza! Hata ule mwenye kulala mu ndege angali muzima!"

Ketsia hakucheka. "Papa, usikasirike. Iko tournoi, mashindano ya wanafunzi, juma mbili zijazo. Ni batu watatu kwa timu. Emery anaomba kucheza na siye."

"Emery ni nani?"

"Tunasoma naye."

"Anasalia wapi, kanisa gani?"

"Papa!"

"Wazazi wake ni wa wapi?"

"Papa, Emery hakufake wa kwanza. Ni hiyo tu. Jumapili ijayo ukikufa tena wa kwanza, nitamupatia fasi yako."

Papa Vahwere aliacha chai ipoe. Kijana asiyejulikana anasalia wapi atasikiliza hadithi za Ketsia kila Jumapili! Hapana. Aliamua kufanya mazoezi palepale. Aliongeza sauti ya telefone mpaka mwisho, ili amsikie adui vizuri. Bunduki zikalia kwenye veranda. Zilivuka ua na kuingia kwa jirani.

Jirani huyo ni Mama Scholastique. Alikuja kutoka Djugu, alikimbia vita. Sasa anaishi Saio na binti yake Tina, mshonaji wa nguo. Baada ya dakika chache, Tina alipita penye tundu la ua.

"Papa Ketsia, mama amesha funga muzigo."

"Anaenda wapi?"

"Anakimbia. Anasikia masasi, anasema vita imefika. Ametia sufuria na kitenge mu mufuko. Namuambia ni telefone ya Papa Ketsia, hanisadiki."

Papa Vahwere aliitazama telefone. Ilikuwa bado inalia pa-pa-pa mkononi mwake. Aliizima haraka. Hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe.

Mama Scholastique alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi. Mfuko ulikuwa juu ya magoti. Mihogo aliyokuwa akimenya ilikuwa imetawanyika chini.

"Mama, unisamehe," alisema Papa Vahwere. Aliwasha telefone bila sauti na kumwonyesha. "Masasi ni hii. Batu ni hawa, wadogo kama siafu."

Mama Scholastique alitazama kwa muda mrefu.

"Na weye ni yupi?"

"Ni huyu mwenye kulala chini."

"Umekufa?"

"Nimekufa, mama."

"Pole," alisema Mama Scholastique. Kisha akatabasamu kidogo, na mfuko akauweka chini.

Papa Vahwere aliokota mihogo yote mwenyewe. Alipotoka, Tina alimfuata.

"Papa Ketsia, tufanye biashara. Mi nachezaka ule muchezo, na nimeona vile weye unachezaka. Wenye kukuua hawatokake hata jasho."

"Biashara gani?"

"Weye utavaa ekuteri mu masikio, mama alale muzuri. Miye nitakufundisha usikufe wa kwanza."

Mchuuzi anajua biashara nzuri akiiona. Papa Vahwere alikubali bila kupunguza bei.

Ekuteri za zamani za Ketsia zilikuwa kwenye droo, pamoja na madaftari yake ya sekondari. Waya ulikuwa na mafundo kama wavu wa samaki. Kavira aliyafungua kwa nusu saa.

"Mutoto amekwenda na akili, amekuachia mafundo," alimwambia mume wake.

Kesho yake, baada ya soko, Papa Vahwere alikaa kando ya mashine ya Tina, akaanza kucheza. Tina alikuwa anashona mikono ya kabaya, blauzi ya mteja, na macho yake yalikuwa kwenye telefone.

"Shida yako ni moja," alisema. "Unachezaka kama muuza viatu."

"Ni kazi yangu!"

"Ndiyo. Sokoni unafuata batu. Kule batu iko na bunduki. Shuka kando, fasi iko nyumba mbili tatu. Pata bunduki na dawa kwanza. Wale wa muji mukubwa waache wamalizane. Sasa fungua mufuko wako, nione."

Papa Vahwere alifungua mfuko wa mchezo. Kulikuwa na bunduki tatu, na masasi ya bunduki ya nne ambayo hakuwa nayo. Kulikuwa na kofia mbili na bidoni tatu za mafuta. Dawa haikuwemo hata moja.

"Mafuta ni ya nini?"

"Ya motokari."

"Motokari iko wapi?"

"Sijaipata."

Tina alisimamisha mashine ili acheke vizuri. "Papa Ketsia! Bunduki mbili zinatosha, na masasi yake. Dawa ndiyo ya kuzidi. Vingine acha chini."

"Niache mali chini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa aache mtoto.

"Acha! Unapookotaka vyote, duara inakukuta ndani ya nyumba."

Duara ni mpaka wa kisiwa. Kila baada ya dakika chache unapungua, na aliyebaki nje anaumia mpaka afe.

"Ile duara naionaka tu," alisema Papa Vahwere. "Sijui inatakaka nini."

"Sokoni ukiona mvua inakuja, unafanya nini?"

"Nafunika viatu, naanza kufunga."

"Hungojee vilowe kwanza?"

"Mi niko mupumbafu?"

"Basi duara ni mvua. Angalia karta ya kisiwa, tembea, usingoje ikufikie. Na usikate kiwanja katikati. Pita kando ya ukuta, kando ya miti. Ukifungua kisanduku cha mali, usisimame kama nguzo ya umeme. Na ukiona mutu mbali sana, usimupige sababu tu umemuona. Sasi yako itaambia wote: niko hapa!"

Papa Vahwere alifikiri. "Kumbe ni sawa na kusalimia."

"Ni kusalimia kabisa! Na mikro, ifungue kwa timu yako tu. Siku moja nilikusikia unaambia batu usiowajua: mi ni Vahwere wa Saio, nyumba ya mulango wa kijani."

"Walisema wanapenda kunijua."

"Mwizi wa telefone naye anapenda kukujua. Mu muchezo usitoe jina, wala kartie, wala namba ya siri. Hata mutu akikuahidi bunduki ya zahabu."

Walijaribu mchezo mwingine. Papa Vahwere alishuka kando na kujificha vizuri nyuma ya ukuta. Dakika ya kumi, telefone ikalia. Ilikuwa simu ya mteja.

"Papa, ile namba arobaini na mbili ingaliko?"

Namba arobaini na mbili ilikuwako. Papa Vahwere hakuwako tena. Alikuwa amepigwa akijibu. Siku hiyo Tina alimwonyesha namna ya kuzuia simu wakati wa kucheza.

"Dakika kumi!" alisema Papa Vahwere. "Tina, nimeishi dakika kumi!" Aliingia nyumbani kwake akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jumapili ilifika. Kavira aliweka telefone kwenye panneau ya umeme wa jua tangu asubuhi. Batri ilikuwa imejaa. Saa tisa Papa Vahwere alivaa ekuteri na kukaa vizuri kwenye veranda. Kavira hakuweka chai motoni. Hiyo ilimtia moyo kuliko maneno.

"Papa, tunashuka wapi?" aliuliza Ketsia.

"Kando. Kule mu mashamba."

"Huyu ni yaya yangu kweli?" aliuliza Josaphat.

Walishuka. Papa Vahwere alipata bunduki moja, masasi yake, kopo la moshi wa kujifichia na dawa nne. Aliona bidoni ya mafuta. Mkono ulimwasha. Akapita.

Duara ilipoanza kusogea, yeye ndiye aliyesema, "Mvua inakuja, tutembee." Walipita nyuma ya miti. Walifika penye nyumba yenye orofa moja. Josaphat alitaka kuingia.

"Josaphat, ngoja. Ndani iko mutu."

"Mulango umefungwa, yaya. Unajua je?"

"Nasikia viatu. Anatembea juu ya mbao. Namba arobaini na tatu hivi."

"Yaya, huku si sokoni!" Josaphat akacheka na kusukuma mlango.

Pa! Pa! Pa!

Papa Vahwere alikuwa ameshajipanga kando ya dirisha. Adui alipotoka, alimpiga. Hakumsalimia hata kidogo. Kisha, kwa upole sana, akauliza:

"Josaphat, ndugu yangu, leo nani amekufa wa kwanza?"

Josaphat anadai hakusikia. Anasema alikuwa na shida ya reseau, yaani mtandao.

Walibaki wawili. Walikuwa wanavuka kando ya uwanja, Ketsia akapigwa akaanguka mbali na ukuta. Katika mchezo, mtu akianguka, mwenzake anaweza kumwinua kabla hajafa.

"Papa, kuja! Kuja haraka!"

Mtoto wako akikuita hivyo, miguu inakwenda yenyewe. Kidole cha Papa Vahwere kilitaka kukimbia katikati ya uwanja. Lakini aliyempiga Ketsia alikuwa anangojea hilo hilo.

"Nakuja, mama," alisema. "Nakuja kwa akili."

Alitupa lile kopo la moshi. Alingoja mpaka ukawa mzito. Alipita kando ya ukuta, akamfikia Ketsia, akamwinua. Waliingia nyuma ya ukuta na kufunga vidonda. Dawa zilitosha, kwa sababu mfuko haukujaa mafuta ya motokari.

Wakakaa pale, wakingojea duara. Hakuna adui aliyesikika. Kisha Ketsia akasema:

"Papa, juma hii nilipokea mutoto. Mu maternité, fasi wamama wanazalia. Daktari alikuwa kando, lakini ni mikono yangu."

"Mikono yako weye?"

"Yangu. Mutoto alilia, na miye nikalia."

Papa Vahwere aliuliza mtoto alikuwa na kilo ngapi, mama yake yu mzima, na Ketsia alikula nini jioni ile. Ketsia alijibu yote. Duara iliwapa dakika nne nzima.

Walikufa baadaye, wote wawili kwa pamoja. Timu zilizobaki zilikuwa tatu tu. Wao walikuwa wa nne.

"Wa nne!" Ketsia alipiga kelele. "Papa, weye uko mu tournoi!"

"Na Emery?"

"Emery... atachukua fasi ya mwenye kufa wa kwanza. Tulipatana hivyo."

"Ketsia!" alilia Josaphat kutoka Butembo. "Mi nilikufa sababu ya mulango tu!"

"Baba mudogo, utakuwa remplaçant, mutu wa akiba."

"Muache Emery aje," alisema Papa Vahwere kwa moyo mkubwa. "Lakini mbele ya kuruka ndege, atatuambia anasalia wapi."

Alivua ekuteri. Masikio yalikuwa yamemwuma kidogo. Upande wa pili wa ua, Mama Scholastique alikuwa anamenya mihogo kwa utulivu. Mfuko wake ulikuwa umetundikwa ukutani, mtupu.

"Bonjour, mama! Habari ya mchana?" aliita Papa Vahwere. Salamu za juma zima zilikuwa zimemjaa kooni.

"Nzuri, Papa Ketsia. Leo haukucheza? Sikusikia kitu."

"Nilicheza, mama. Tulikuwa wa nne."

Mama Scholastique aliweka kisu chini na kufikiri.

"Basi umefanya vizuri kubadilisha," alisema. "Ule muchezo wa zamani ulikuwa mubaya. Huu mupya ni muzuri."