Shati Kwenye Mlango wa Basi

Kitu cha kwanza alichokiona Inspekta kilikuwa kishikio cha mlango.

Basi zima lilikuwa kutu. Kutu kwenye bodi, kutu kwenye bampa, kutu hata kwenye maandishi ya ubavuni, ambayo yalikuwa yamebaki herufi tatu tu. Lakini kishikio cha mlango wa dereva kiling'aa kama kijiko. Kitu laini kilikuwa kimekisugua pale siku baada ya siku, kwa muda mrefu.

Aliandika hilo kwenye daftari lake. Ndipo akainama kumtazama marehemu.

Mzee alikuwa amelala chali chini ya basi, spana mkononi. Upande wa nyuma ulikuwa umeteleza kutoka juu ya mawe ukambana kifua. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amevaa suruali na fulana.

"Amekufa saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Kati ya saa nne na saa tano asubuhi," daktari wa polisi alijibu, akivua glavu. "Mbavu zimevunjika. Mengine nitakuambia baada ya kumpasua."

"Na baridi hii, alikuwa anafanya kazi na fulana tupu?"

"Hilo si swali la daktari, afande."

Inspekta alinyanyuka, akalitazama shamba. Palikuwa na magari kumi na moja, na hakuna hata moja lenye magurudumu yote manne. Kuku mmoja alitoka kwenye dirisha la lori, akajikung'uta, akaenda zake. Watu wa pale walipaita makaburi ya magari, na mzee mwenyewe walimwita Babu Spana. Miaka miwili majirani walikuwa wanalalamika. Leo trekta ya ofisi ya mazingira ilikuwa imesimama mbele ya basi, na mnyororo wake ulikuwa bado umefungwa kwenye bampa.

"Niitie aliyetoa amri ya kuvuta," alimwambia sajenti.

Alikuwa ofisa wa mazingira. Babu Spana alikuwa amempa jina la Bwana Usafi, na jina lilikuwa limemganda. Alikuja na faili kwapani.

"Nilifuata makubaliano, afande," alisema kabla hajaulizwa.

"Makubaliano gani?"

"Haya hapa. Mara mbili nimekuja na trekta, na mara mbili mzee kaingia chini ya gari kalala kama yuko kitandani kwake. Mara ya pili nusura tumvute naye. Tukakaa ofisini: mimi, yeye, na mama jirani aliyeleta malalamiko. Tukakubaliana. Akiwa chini ya gari, ataning'iniza shati lake mlangoni. Shati lipo, trekta haigusi kitu. Shati halipo, tunavuta."

Inspekta aliisoma karatasi. "Ameweka saini na dole gumba."

"Alisema saini peke yake ningeikana. Ndivyo alivyokuwa, maneno mengi."

"Na leo?"

"Hapakuwa na shati. Muulize dereva."

Dereva wa trekta alikuwa amekaa juu ya tairi, kichwa mikononi. "Halikuwepo, afande. Naapa. Nililitafuta kwa macho."

"Uliinama ukatazama chini?"

"Hapana."

"Na wewe?"

"Makubaliano yalikuwa shati," Bwana Usafi alisema.

"Nimekuuliza kama uliinama."

Bwana Usafi alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi vikapendeza. "Hapana."

"Baraza linasikiliza kesi ya magari haya lini?"

"Kesho."

"Kesho. Na wewe umekuja leo."

Alihamisha faili kwapa la pili. "Mzee alikuwa anadai basi litawaka. Kwa sheria zetu, afande, likiwaka ni gari, lisipowaka ni takataka. Nilitaka kesho takataka iwe imeshaondoka."

"Ulitaka aende barazani mikono mitupu."

Bwana Usafi alifungua faili, akalifunga.

Sajenti alikuwa anakuna kidevu. "Kitu kimoja kinanisumbua, afande. Trekta ile inasikika toka barabarani. Mzee alikuwa kiziwi?"

"Alisikia vizuri sana," Inspekta alisema. "Alisikia akabaki palepale. Alikuwa analitegemea shati lake. Litafute."

Halikuwa mbali. Ng'ambo ya ua wa seng'enge, kwenye kamba ya nguo ya jirani, katikati ya shuka mbili, lilining'inia shati la bluu. Lilikuwa bado linachuruzika maji.

Mama jirani alitoka ndani akijifuta mikono. Nyuma yake alikuja binti yake, msichana wa miaka kama ishirini, amekumbatia beseni, macho chini.

"Shati hili ni la nani?" Inspekta aliuliza.

"La yule mwenye makopo yake, la nani tena?" mama alisema. Kisha akaona vizuri lilipokuwa limeanikwa. Alimwona Bwana Usafi kwenye ua, aliona trekta, na uso wake ukabadilika. Akageuka akamtazama binti yake mara moja tu, haraka.

Inspekta aliiona ile mara moja.

"Limefikaje kwenye kamba yako?"

"Nimelichukua mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nisilichukue? Panya wake wamemaliza mahindi yangu. Nyoka nimeua watatu. Kuku wangu wanakwenda kutaga kwenye viti vya magari yake na mayai anakula yeye! Nikimuuliza, ananijibu mbele za watu kwamba kuku wangu wanapanda basi lake bila nauli."

Mtu mmoja kwenye ua alicheka, akakumbuka kilicholala chini ya basi, akanyamaza.

"Ulijua maana ya shati?"

"Nilikuwepo ofisini. Nilijua."

"Ulilichukua ukijua kwamba yuko chini?"

"Ndiyo. Nifungeni, basi. Mnangoja nini?"

Sajenti alitoa pingu. Beseni likainama mikononi mwa binti. Maji yalimwagika kwenye miguu yake na hakusogea.

"Subiri kwanza," Inspekta alisema.

Alilishusha shati, akalikagua kama kielelezo chochote kingine. Kola ilikuwa imesuguliwa kwa mkono mpaka ikarudi rangi yake. Kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa upya, mishono midogo midogo, iliyonyooka. Aliingia jikoni. Kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na penseli, miwani ya kioo kimoja, na barua ya wito wa baraza iliyokunjwa mara nne. Vitu vya mfukoni. Vilikuwa vimepangwa vizuri ili virudishwe.

Pembeni palikuwa na sindano na kibonge cha uzi. Aliita mama ndani.

"Mama, anayetaka kumuua mwenziwe hamshonei kifungo."

"Kifungo gani?"

"Hujui kifungo gani? Haya, tunga uzi."

Mama aliishika sindano, akaisogeza karibu na jicho, kisha mbali. Alilamba uzi. Alijaribu mara tatu, na mara zote uzi ulipita kando.

"Macho yangu siku hizi..." alisema, sauti ikimwishia.

"Nimwite binti yako?"

"Mwache mtoto wangu, nakuomba! Yule hata na watu haongei. Aliacha shule darasa la tano kwa kuogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Muulize mtu yeyote hapa kama ameshawahi kumsikia."

"Kakae nje kidogo, mama."

Binti aliingia bila kuinua kichwa. Inspekta alimpa kiti, naye akakaa juu ya debe, akafungua daftari na kuliangalia hilo daftari tu. Alikuwa amekwisha kujua kwamba huyu ukimtazama hatasema.

"Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

Kichwa kiliitikia.

"Hapana, mwanangu. Hapa naandika maneno. Vichwa siviwezi."

Nje sajenti alikuwa anawasukuma watu nyuma.

"Mama hakulichukua," binti alisema. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. "Anataka kunibebea kosa. Nililichukua mimi."

"Kwa nini?"

"Kesho ni baraza. Mara ya kwanza walimcheka. Bwana Usafi alisema hata shati la mzee ni skrepa. Mama alirudi nyumbani akisimulia, akicheka. Nilitaka kesho aende akiwa safi."

"Kwani alikuwa nani kwako?"

"Jirani."

"Jirani tu?"

Alichezea ncha ya nguo yake. "Mayai," alisema.

"Mayai yamefanya nini?"

"Hakuwahi kuyala. Kila asubuhi aliyaweka kwenye kopo, juu ya nguzo ya ua. Nayachukua, nampelekea mama, namwambia nimeyaokota majanini. Mama alikuwa amenikataza kumsogelea."

"Mlikuwa mnaongea?"

"Yeye aliongea. Mimi niliitikia tu kwa kichwa."

Inspekta aliacha kuandika. "Na mama yako akaenda ofisini kushtaki wizi wa mayai."

"Ndiyo yalikuwa ya kwanza kwenye malalamiko. Panya na nyoka waliandikwa baadaye. Babu Spana hakunitaja. Waliandika kwamba ni mwizi, akanyamaza kwa ajili yangu. Na mimi kila siku nasema kesho, kesho nitamwambia mama." Aliivuta ile ncha ya nguo. "Nikaona angalau nimfulie."

Mlango ulisogea. Mama alikuwa amesimama pale, mkono kifuani.

"Yale mayai ya majanini?" aliuliza.

Binti aliitikia kwa kichwa.

Mama alikaa palepale kwenye kizingiti, kama mtu aliyekatwa miguu. "Mtoto aliniuliza," alimwambia Inspekta. "Siku niliyotoka ofisini aliniuliza kwa macho, mmeamua nini. Nikamwambia haya ni mambo ya wakubwa. Habari ya shati sikumwambia. Ningemwambia neno moja tu..."

Inspekta alimgeukia binti. "Kwa hiyo hukujua maana ya shati?"

"Nilijua hulitundika pale akifanya kazi. Nilidhani anaogopa grisi."

"Trekta ilipokuja ulikuwa wapi?"

"Kwenye kamba. Naanika."

"Hukupiga kelele?"

"Nilidhani watainama."

Inspekta aliandika, akarudia kusoma alichoandika, akaandika tena. Alitoka nje. Kazi yake sasa ilikuwa nyepesi kusema na nzito kufanya. Alimwambia sajenti amweke chini ya ulinzi ofisa wa mazingira pamoja na dereva, kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

"Lakini nina karatasi!" Bwana Usafi alipaza sauti. "Ina saini yake! Ina dole gumba!"

"Utaionyesha mahakamani. Huko nako watakuuliza kama uliinama."

Dereva hakubishana. Alinyoosha mikono yake miwili mbele, hata kabla pingu hazijafika.

"Na binti, afande?" sajenti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Binti ni shahidi. Amefua nguo ya jirani. Hakuna kifungu cha sheria cha hilo."

Alirudi jikoni na daftari. Mama alikuwa bado kwenye kizingiti. Binti alikuwa amelishika shati mapajani, analikunja, analikunjua.

"Nakusomea maelezo yako, kisha utaweka saini," Inspekta alisema. Alisoma polepole. Alisoma habari ya baraza, ya mayai, ya kifungo. Akafika mwisho. "'Nilipolichukua shati, sikumwona marehemu wala sikujua kwamba yuko chini ya basi.' Hapa chini, andika jina lako."

Binti alichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi kwa muda mrefu. Wino uliacha nukta, na nukta ikakua.

"Hukuniuliza hilo," alisema.

"Lipi?"

"Hilo la mwisho. Umeliandika mwenyewe. Lifute."

Mama alinyanyua kichwa. "Mwanangu, weka saini."

"Sikumwona, hiyo kweli. Lakini nilijua yuko chini." Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, na watu waliokuwa kwenye ua walimsikia kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. "Nilisikia anahema. Alikuwa ameshika kitu kizito, hawezi kukiachia. Alisikia miguu yangu. Akauliza, 'Nani huyo?'"

"Nyamaza," mama alisema, analia. "Inatosha."

"Nilikuwa nimeshalishika shati. Nikasimama. Akauliza tena, pole pole, 'Nani huyo?' Angejua ni nani, angeniambia nilirudishe. Au angesema lolote. Alikuwa ananisemesha kila siku, hachoki. Nilitaka kumjibu. Neno lilikuwa hapa." Aligusa koo lake. "Nikaona haya. Nikaondoka nanyata."

Inspekta alipiga mstari juu ya sentensi ile. Hakujua aandike nini mahali pake, kwa hiyo akangoja.

Binti alisimama, akaenda dirishani. Ng'ambo ya ua, watu wanne walikuwa wamelinyanyua basi kwa jeki, na wawili walikuwa wanamvuta mzee taratibu kwa mabega, fulana yake ikiburuza vumbi. Alishika kizingiti kwa mikono miwili. Alisema kwa nguvu, kama anayeitikia wito kutoka mbali:

"Ni mimi, babu! Ni mimi!"