Puto Jekundu Halina Sauti

Kila siku akitoka shule, Kibiriti alipitia kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akaokota pini kwa sumaku, kisha akanawa mikono. Hapo ndipo mama alipompa simu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo majirani walimpa kwa sababu hakukawia kuwaka.

Mdogo wake, Kitufe, alikuwa katika darasa la awali, na irabu tano zilimshinda. Ukimwonyesha a, alisema o. Ukimwonyesha u, alikutazama tu. Mwalimu alimwita mama, akamweleza kwa upole kwamba Ijumaa ya wiki ijayo angewapima watoto wote ubaoni, na asiyezijua irabu angerudia darasa. Kitufe aliposikia kuwa wenzake watamwacha, alijifunika pazia la mteja akakataa kula.

“Harudii,” Kibiriti alisema. “Nitamfundisha mimi.”

Alikuwa ameona mchezo mmoja mtandaoni. Maputo matano yanapaa, kila moja limeandikwa irabu yake. Simu inatamka sauti, na mtoto anagusa puto lenye herufi hiyo. Akipatia, puto linapasuka na nyota inaingia. Jirani mwenye mashine ya kunakili, ambaye wote walimwita Mzee Nakala, aliwapa intaneti yake bure. Hata alisogeza kisanduku chake cha intaneti karibu na ukuta ili mawimbi yawafikie vizuri, na hakumwambia mtu.

Baba mkubwa, fundi seremala, alikuja kupunguza suruali akaukuta mchezo ukiendelea. Alicheka mpaka akashika meza. Alisema simu haijamfundisha mtu kitu ila kukodoa macho, na kwamba yeye alijua kusoma kwa kiboko.

“Basi njoo shuleni Ijumaa atakapopimwa, baba mkubwa, ujionee,” Kibiriti alisema. “Na kiboko ukiache nyumbani.”

Mama alimkanya kwa jicho. Lakini mdomo wake, uliobana pini, ulikuwa unacheka.

Siku ya kwanza Kitufe alipata nyota mbili. Siku ya nne alipata hamsini. Kibiriti alipita mlangoni kwa seremala makusudi, akitangaza hesabu kama mtu anayenadi samaki. Kisha Jumatano, simu ikiwa mikononi mwa Kitufe, juu chini, herufi zote zimepinduka, bado kila puto alilipatia. Kibiriti akashtuka. Alimwonyesha lile la kwanza, akamwuliza kwa sauti ya chini ni herufi gani.

“Nyekundu,” alijibu Kitufe.

Kumbe a ilikuwa nyekundu siku zote, na e ilikuwa njano. Mtoto alikuwa amekariri rangi, herufi hata hakuzitazama. Lakini baba mkubwa alikuwa ameketi pale pale akingoja suruali yake. Kibiriti akamgeukia. “Umeona?” akamwambia. “Nyota themanini.”

Ijumaa ikafika. Wazazi waliketi nyuma ya darasa, mama akiwa na Kibiriti na baba mkubwa. Mwalimu aliandika irabu tano kwa chaki nyeupe, akamwita Kitufe. Mtoto alizitazama muda mrefu.

“Mwalimu, mbona zote nyeupe?”

Darasa likaangua kicheko. Baba mkubwa hakucheka. Aliinama akavitazama viatu vyake.

Kibiriti angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Akasimama.

“Kosa ni langu, mwalimu. Nilijua tangu Jumatano kwamba ameshika rangi, nikaficha. Nilitaka kumshinda baba mkubwa. Lakini mdogo wangu si mjinga, na mchezo si mbaya. Mpe Ijumaa moja tu.”

Mwalimu alimwambia utaratibu ni huo kwa watoto wote, akamtaka akae. Kibiriti aliomba radhi, akasema atakaa mdogo wake akipewa siku yake. Alibaki amesimama. Mwalimu alifuta ubao taratibu, kona hadi kona, ingawa ulikuwa umeshatakata. Kisha akasema Ijumaa ijayo, saa nne, na iwe ya mwisho.

Jioni ile Kibiriti alikata herufi tano kwa vipande vya kitambaa cheusi. Simu iliwekwa kifudifudi mezani. Ilipotamka, Kitufe aliinua kwanza herufi ya kitambaa, ndipo wakaigeuza simu na kugusa puto la herufi hiyo kuona kama amepatia. Nyota hazikuhesabiwa tena. Siku ya kwanza alikosea karibu zote, akalia, akaitupa e chini ya cherehani. Kibiriti aliingia kuitafuta, akatoka na uzi kichwani, wakaanza upya. Mama alisimamisha cherehani kila walipojifunza ili sauti isikike, nguo za wateja zikangoja.

Jumanne baba mkubwa alipitia, akasema yuko njiani tu. Aliweka mezani herufi tano za mbao, zimepigwa msasa zikawa laini kama sabuni.

“Sikuzipaka rangi,” alisema, akaondoka.

Ijumaa, saa nne, wale watatu wakiwa wameketi nyuma tena, mwalimu aliuonea huruma uso wa mtoto, akafungua boksi la chaki za rangi. Kitufe akatikisa kichwa.

“Nyeupe, mwalimu.”

Alizisoma zote tano. Mwalimu akazichanganya, mtoto akazisoma tena. Akazichanganya mara ya tatu, na Kitufe akamwuliza kama amezisahau.

Walipokuwa wakirudi, Kibiriti hakuweza kujizuia. Alimwuliza baba mkubwa kama sasa anakubali kwamba simu inafundisha.

Baba mkubwa alimshika Kitufe mkono.

“Inafundisha,” alisema, “ikiwa na mtu wa kuisimamia. Kiboko changu kisingefanya mlichofanya ninyi. Lakini nikwambie, mwanangu. Wiki ile ulipobishana na mimi, nyota zilijaa na mtoto hakujua kitu. Siku uliposimama ukasema umekosea, ndipo masomo yalipoanza. Ubishi wako usiuache, utakufikisha mbali. Ila kabla hujabishana na mtu, kwanza ujiambie wewe mwenyewe ukweli.”