Pini Zilizokunywa Grisi

Ekskaveta ya Senahid iliacha kurudisha grisi.

Kila asubuhi kabla ya kazi, juu ya mto Neretva walikopasua mlima kupitisha barabara, Senahid alifuta nipeli, vile vichuchu vya kuingizia grisi, kwa kitambaa, akabana pampu, akapiga grisi mpaka ile kuukuu itoke nyeusi pembeni mwa pini. Hapo ndipo dereva hujua kiungo kimeshiba. Lakini tangu koleo la mashine lilipofumua misingi ya kinu cha maji cha kale, viungo havikushiba. Vilimeza tu. Akitega sikio, alisikia koo likigugumia ndani ya chuma.

"Labda sili ya kuzuia grisi imekufa," alimwambia Drago, msimamizi wao.

"Sili imekufa, na mkono wa mashine unateleza kama hariri? Pampu, bwana! Acha deko za bibi harusi."

Nyumbani, mkewe Mevlida akaanza kukakamaa. Kwanza vidole. Kisha magoti, yakawa yanalia akitembea, tena si mlio wa mifupa, ni ule wa chuma kikavu kikisagana na chuma. Madaktari wa Sarajevo walimpiga picha wakasema mzima. Siku aliposhindwa kuinua kijiko, Senahid alimlisha supu mwenyewe.

"Nanuka grisi," Mevlida alinong'ona. "Nimeoga, Senahid. Bado nanuka."

Senahid alimwendea Shehe Muharem mbio, akapiga magoti mlangoni, akamsimulia yote.

"Kinu kile kilikuwa na wenyewe," shehe alisema. "Mmewabomolea. Sasa wanatafuta pa kukaa."

"Wakae hata kwangu, Efendi! Mradi wamwache mke wangu!"

"Nyamaza! Neno hilo halisemwi. Wanasikia."

Alasiri ile shehe alimsomea Mevlida, akimnyunyizia maji, na Mevlida akapindika kama upinde huku kifuani mwake kukinguruma injini, na harufu ya mafuta yanayoungua ikajaa chumba kizima hadi shehe mwenyewe akakohoa, lakini asiache kusoma, mpaka ghafla kukawa kimya. Mevlida akaketi. Akanyoosha vidole kimoja kimoja. Akaomba kahawa.

Senahid alilia kama mtoto.

Kesho yake alipiga grisi kwa mikono myepesi, na kwenye pini kubwa ya mkono, grisi kuukuu ikatoka. Akamshukuru Mungu. Ikazidi kutoka, nyeusi, ya vuguvugu, na ndani yake nywele ndefu za rangi ya asali, nywele alizozijua kwa kuzilalia miaka yote ya ndoa yake, na nyuma ya nywele ikaja sauti, ya chini, kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa tope.

"Senahid. Nitoe humu."

Akapiga simu nyumbani, vidole vikimteleza.

"Mume wangu!" ilijibu sauti changamfu. "Wahi kurudi, pita ya nyama imeiva, iko jikoni." Kisha ikacheka, kicheko ambacho Mevlida hakuwahi kukicheka.

Simu ikamponyoka. Akaukumbatia mkono wa chuma, akaweka mdomo kwenye nipeli.

"Mevlida? Unaumia wapi, mpenzi? Niambie, nifungue wapi?"

"Usiiwashe," ikanong'ona pini. "Ikitembea, inanisaga."

Senahid akageuka. Drago, aliyechoka kusubiri, alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha dereva.

"Drago, usi—!"

Injini ikanguruma, na mkono ukainuka.